Porto ya miaka 10 iliyokaa kabatini tangu 1990: imezeeka au imekufa?

Binti wa Kamalondo, Lubumbashi

Hamjambo wapendwa. Nimekuwa msomaji tu hapa kwa muda mrefu. Leo naandika kwa mara ya kwanza kwa sababu nina chupa mbili zinazonisumbua, na sitaki kukosea hata kwa moja.

Ya kwanza ni ya marehemu baba. Baba alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja Mbelgiji wa migodini, miaka kumi na minne katika jiko lile lile. Mhandisi alipofunga mizigo kurudi kwao mwaka 1990, alimwachia baba sahani, redio na chupa moja ya porto, ile divai tamu na kali ya Ureno. Sahani zilivunjika moja moja. Redio iliuzwa wakati wa shida. Chupa baba hakuigusa. Aliizungushia gazeti, akaisimamisha ndani ya kabati la chumbani, na kila Mwaka Mpya alikuwa anatuambia, "Hii inazeeka, wanangu." Ametutoka miaka miwili sasa. Mwezi wa saba ndugu wote tunakutana, yaya, mkubwa wetu, anatoka Kolwezi, mdogo wetu anatoka Likasi, na mama amesema siku hiyo chupa ya baba ifunguliwe.

Mende wamekula lebo upande mmoja, jina la nyumba iliyoitengeneza halisomeki. Kinachosomeka ni neno "Tawny", yaani porto ya rangi ya kahawia, halafu "10 anos", miaka 10, na chini kabisa kwa herufi ndogo "Engarrafado em 1988", yaani ilitiwa chupani 1988. Sisi nyumbani tumekuwa tukihesabu hivi: ilikuwa na miaka 10, uongeze miaka yote tangu 1988, basi tuna porto ya miaka zaidi ya 45. Yaya amekwisha kupata mtu anayetaka kuinunua kwa bei ya miaka 40. Mimi moyo wangu hautulii. Hesabu hiyo ni ya kweli?

Chupa ya pili sijainunua bado. Nilikutana na tawny mwaka juzi kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki yangu. Mpaka siku ile, kwangu porto ilikuwa ile nyekundu nzito wanayokaribisha nayo wageni kabla ya chakula, desturi tuliyoachiwa na Wabelgiji. Hii waliitoa mwisho, glasi ndogo, miaka 10. Ilinuka karanga zikiwa bado kwenye kikaango, ganda la chungwa, na ile asali nyeusi ya miombo wanayouza kando ya barabara ya Likasi. Nilikaa na ile glasi mpaka watu wakaanza kupanga viti. Tangu hapo ninaweka dolari tano kila wiki ndani ya kopo (mimi ni muuguzi, si tajiri).

Sasa kuna duka moja la mjini lina tawny ya miaka 20. Walisema dolari 110, wameshuka mpaka 95. Imesimama dirishani, jua la saa nane linaipiga moja kwa moja. Nyuma imeandikwa ilitiwa chupani 2009. Muuzaji ananiambia ni moja tu iliyobaki na kwamba tangu 2009 imezidi kuwa nzuri.

Ninunue? Na kama hapana, mtu mwenye dolari 95 na hamu ya kujifunza anunue nini: ya 10, ya 20, au ile wanayoiita colheita? Nitawashukuru sana.

Mzee wa Forodha, Lubumbashi

Binti yangu, pole kwa baba. Mtu anayemtunzia mwenzake zawadi zaidi ya miaka thelathini bila kuifungua alikuwa na heshima ya aina yake.

Nianze na lile gumu. Hesabu yenu si sahihi, na mwambie yaya wako asiuze kwa hesabu hiyo, kwa sababu mnunuzi akija kujua atasema mmemdanganya.

Miaka ya tawny ni miaka ya pipani. Inahesabika pale divai ikiwa ndani ya mbao, na inasimama siku inapoingia kwenye kioo. Chupa ya baba yako iliacha kuhesabu mwaka 1988. Ilikuwa tawny ya miaka 10, na leo ni tawny ya miaka 10 iliyokaa chupani muda mrefu mno.

Ukielewa kinachofanyika pipani utaelewa sababu. Zabibu zinatoka bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, kwenye miteremko ya mawe ya tabaka, eneo ambalo mipaka yake iliwekwa rasmi tangu 1756. Wanazikanyaga, maji yanaanza kuchachuka, na baada ya siku mbili tatu, sukari ikiwa bado nyingi, wanamimina pombe kali ya zabibu ya asilimia 77. Hamira inakufa hapo hapo. Utamu unabaki, na divai inatulia kwenye asilimia 20 hivi ya kileo. Mpaka hapo porto nyekundu na tawny ni ndugu wa tumbo moja. Kinachowatenganisha ni malezi. Ile inayotakiwa kubaki nyekundu huwekwa kwenye matangi makubwa sana au kuingizwa chupani mapema. Tawny huingia kwenye mapipa madogo, ya lita 550 au zaidi kidogo, ya mbao iliyokwisha kutumika miaka mingi, kwa sababu hawatafuti ladha ya mbao mpya. Wanachotafuta ni hewa. Pipa linapumua. Hewa inaingia kidogo kidogo, wekundu unafifia, unakuwa rangi ya tofali, halafu kahawia, halafu kaharabu. Kila mwaka karibu asilimia 2 inapotea hewani, na kinachobaki kinazidi kukolea. Ndani ya chupa hakuna lolote kati ya hayo. Kioo hakipumui.

Mwaka 2011 nilikwenda kumtembelea binti yangu aliyekuwa anasoma Ureno, akanipeleka Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Porto wenyewe. Maghala marefu yenye giza, sakafu imemwagiwa maji ili hewa isikauke, na mapipa meusi yamelala safu juu ya safu. Walinipangia glasi nne: 10, 20, 30, 40. Sitasahau meza ile. Nina daftari niliyoandika papo hapo, nakunakilia bila kubadilisha.

"10: bado kuna tunda. Zabibu kavu, plamu, nyuma yake karanga. Wekundu kidogo ukingoni. 20: tunda limekaa nyuma, mbele kuna lozi, ganda la chungwa, tini kavu, sukari iliyoungua kwenye sufuria. Laini kama kitu kilichopigwa msasa. Uchachu upo, unausafisha utamu, nataka tena. 30: asali, viungo, mbao ya kabati la zamani. Nimenyamaza. 40: nzito, inashika kioo, ukingo una kijani. Kuna mchomo puani kama rangi ya kucha au siki nzuri. Inakaa mdomoni mpaka tumetoka nje."

Wengi wakifika kwenye ile ya 40 wanasema ndiyo bora kwa sababu ndiyo ghali. Mimi nilirudi kwenye ya 20, na mpaka leo nasema ndiyo kilele. Ya 10 ni kijana bado, ya 40 ni mzee anayesimulia peke yake. Ya 20 ina tunda na ina uzee, vyote vinasikika pamoja. Hayo ni maoni yangu na nitayatetea.

Jambo jingine wanalodanganyia watu: "miaka 20" haina maana kwamba kila tone lina miaka 20. Mchanganyaji anachukua mapipa ya umri mbalimbali, mengine chini ya hapo, mengine juu sana, anayaunganisha mpaka apate tabia ya tawny ya miaka 20. Halafu Taasisi ya Divai za Douro na Porto ina jopo la waonjaji, na wao ndio wanaokubali au kukataa kwamba kweli ina ladha ya umri huo. Zilikuwa daraja nne, 10, 20, 30, 40, na miaka ya karibuni wameongeza 50. Colheita ni habari nyingine. Hiyo ni tawny ya mavuno ya mwaka mmoja tu, imekaa pipani miaka isiyopungua 7, mara nyingi zaidi sana. Lebo yake ina miaka miwili, wa mavuno na wa kutiwa chupani. Toa mmoja kwa mwingine, ndiyo umri wake halisi wa pipani. Napenda colheita kwa ajili ya ukweli huo: hakuna wastani, hakuna mchanganyiko, mwaka unajisemea. Nyumba ya Kopke, iliyoanzishwa 1638, imejijengea jina kwa hizo.

Sasa dirisha la duka. Usinunue, hata wakishuka mpaka 60. Tawny ya umri hutiwa chupani ikiwa tayari, ni ya kunyweka. Ikikaa pahali penye ubaridi na giza inavumilia miaka kadhaa. Hiyo imesimama tangu 2009, na sijui Oktoba ngapi za Lubumbashi imepita nyuma ya kioo chenye jua. Wewe mwenyewe unajua Oktoba yetu. Muuzaji huenda hana nia mbaya, amechanganya tu na porto ya vintage. Ile ndiyo inayozeekea chupani, kwa sababu inaingia humo baada ya miaka miwili au mitatu tu ya mbao.

Ukienda dukani, shika chupa, igeuze. Tafuta neno "engarrafado" na mwaka, maana kwa tawny ya umri lazima iandikwe. Mimi sinunui iliyozidi miaka mitano chupani hapa kwetu. Angalia shingoni kama kuna ule utepe wa karatasi wa Taasisi wenye namba, na kama umepita mzima chini ya kofia inayofunika kizibo. Iangalie kwenye mwanga: divai ifike shingoni. Gusa chini ya kofia usikie kama pananata. Na uliza kama kuna nyingine stoo. Mara nyingi iko, ndani ya katoni, gizani, na ndiyo unayoitaka.

Kwa dolari 95 ningefanya hivi: chupa nzima moja ya 10 ya nyumba nzuri, na nusu chupa ya 20 ukiipata. Onja zote mbili jioni moja, glasi mbili zinazofanana, uandike. Ramos Pinto wana ya 10 kutoka shamba la Ervamoira na ya 20 kutoka Bom Retiro. Ukizipata pamoja utajifunza mengi kuliko niliyoandika hapa. Taylor's, Graham's, Niepoort, zote hizo sijawahi kujuta. Usiruke moja kwa moja kwenda colheita. Isubiri mpaka ulimi wako ujue 10 na 20 ni nini, la sivyo utakuwa umelipa kwa kitu usichoweza kukisikia chote.

Kuhusu ya baba: ifungueni. Isimamisheni wima siku mbili kabla. Kizibo chake kitakuwa kile chenye kichwa, kinachofunguliwa kwa mkono. Kitakuwa kimekauka, zungusha polepole na uwe na kitambaa safi cha kuchujia. Ikinuka vibaya mwanzoni usiimwage. Iache kwenye jagi saa moja, harufu ya kufungiwa mara nyingi inaondoka.

Kijana wa Ruashi, yuko Bruxelles

Shikamoo Mzee. Nakubaliana na mengi ila hapa kidogo napinga. Nilifanya kazi miaka sita kwenye duka la divai huku, na Wabelgiji ni kati ya wanywaji wakubwa wa porto duniani, kwa hiyo chupa zilizosahaulika ghalani mwa babu tuliziona kila mwezi. Nimeonja colheita ya 1982 iliyotiwa chupani 1995, imekaa kwenye ghala lenye ubaridi zaidi ya miaka ishirini. Haikuwa imekufa. Ilikuwa na kitu kama uyoga mkavu na majani ya chai ambacho sijakikuta kwenye tawny mpya, na wapo wateja waliokuwa wanatafuta hicho tu. Kwa hiyo kusema chupani hakuna linalofanyika ni kukaza kamba mno.

Binti, usiuze kwa bei ya miaka 40, hapo Mzee amesema kweli. Lakini pia usiende mezani ukiwa umeshaamua kwamba imeharibika.

Mzee wa Forodha, Lubumbashi

Marahaba mwanangu. Umenisahihisha vizuri, naondoa maneno "hakuna lolote". Kunabadilika. Ninachoshikilia ni kwamba haiendelei na ule uzee wa pipani, haikolei, haipati lozi na asali zaidi, na mwisho inafifia. Ulisema ghala lenye ubaridi. Kabati la chumbani hapa kwetu, paa la bati juu yake, ni hadithi nyingine. Bahati ya Binti ni kwamba tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari na usiku wa Juni na Julai unatetemesha. Ingekuwa Kinshasa ningekuwa na tumaini dogo zaidi.

Dereva wa Kasumbalesa

Salamu dada. Mimi napita njia ya kusini miaka kumi na moja, nikiwa na mzigo kutoka Afrika Kusini. Naomba niseme jambo ambalo wapenda porto wengi hawataki kulisikia: kuna tawny ya huko huko kusini, na kwa bei ni kama nusu.

Hawaandiki neno port, kwa sababu kwa makubaliano yao na Ulaya jina hilo wameliachia Ureno. Tafuta "Cape Tawny". Mji wake ni Calitzdorp, kwenye Karoo, pakavu, joto la mchana kali, na wamepanda zabibu zile zile za Ureno, Tinta Barroca na Touriga Nacional. Nilipitia pale mwaka mmoja gari lilipoharibika, nikakaa siku tatu. Jioni ya pili mwenye nyumba ya wageni akanimiminia glasi na kipande cha keki ya matunda makavu. Boplaas na De Krans ndio majina ninayoyanunua. Si Douro, ina utamu ulio mbele zaidi na uchachu mdogo, lakini ni kitu cha kweli, kimekaa pipani kweli.

La muhimu ni msimu. Lori lililofunikwa turubai likikwama kwenye foleni ya mpaka siku nne mwezi wa kumi, ndani yake unaweza kupika. Nimeona katoni za divai zikivuja vizibo. Kwa hiyo mimi nyumbani kwangu ninanunua iliyoingia kati ya Mei na Agosti, na muuzaji ninamuuliza hivyo hivyo bila haya: mzigo huu uliingia mwezi gani? Anayejua atakujibu.

Na kama kuna mtu wako anayesafiri Ulaya, aiweke kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege, imefungwa ndani ya nguo. Porto haifiki asilimia 24, kwa hiyo kwa masharti ya ndege haihesabiwi kama pombe kali. Asiibebe mkononi tu. Akibadilisha ndege Addis na ule mfuko wa dukani ukawa umefunguliwa, wataichukua, nimeona mtu akilia pale.

Mama wa Meza Sita, Bukavu

Jambo wote. Nina mkahawa mdogo unaotazama ziwa, meza sita tu, na tawny ya miaka 10 naiuza kwa glasi. Nitasema ya mezani, ya pipani mmeyamaliza.

Msiinywe ya joto. Watu wanaogopa friji kwa sababu wamesikia divai nyekundu haiingizwi humo. Tawny iingie. Nusu saa mpaka dakika arobaini kabla ya kumimina, ifike kama nyuzi 14. Ya joto inakuwa sukari na pombe tu, huisikii ile lozi. Na acheni vile vikombe vidogo kama vya dawa ya kikohozi. Pua haiingii, na nusu ya tawny iko puani. Chukueni glasi ya kawaida ya divai nyeupe, mjaze theluthi.

Chakula: jibini ya Masisi. Ndiyo, hii yetu ya Goma, ile duara ya manjano. Chagua iliyokaa kidogo, iliyoanza kuwa ngumu ukingoni. Chumvi yake na mafuta yake vinakutana na ule ukavu wa karanga na mtu anafumba macho. Ninaikata vipande vinene, naweka karanga za kukaanga bila chumvi pembeni, basi. Nimejaribu chokoleti, ile nyeusi sana inaishinda ya 10. Keki ya ndizi iliyoungua kidogo juu, hiyo inakubali. Nanasi hapana, uchachu wake unaifanya porto iwe kama maji.

Ikishafunguliwa ya 10 naiuza wiki tatu, nne, ikiwa kwenye friji na kizibo chake. Haifi haraka kama divai ya kawaida kwa sababu hewa imekwisha kuizoea tangu pipani. Baada ya hapo inaanza kusinyaa, na mimi siuzi kitu kilichosinyaa.

Binti, kwa ile ya baba usipange jibini wala keki kwanza. Onjeni yenyewe, mkiwa hamjala kitu kikali.

Binti wa Kamalondo, Lubumbashi

Nimerudi wapendwa. Tumefungua Jumamosi iliyopita.

Kwanza yule mnunuzi. Nilimsomea yaya maneno ya Mzee kwenye simu, mstari kwa mstari. Alikaa kimya, akasema, "Basi baba alikuwa anakosea hesabu miaka yote hiyo?" Nikamwambia alikuwa anahesabu tu kama mtu yeyote angehesabu. Akampigia mnunuzi akamweleza ukweli, na mnunuzi akajitoa.

Nilisimamisha chupa tangu Alhamisi. Kizibo kilikatika, kichwa kilibaki mkononi mwa mama na kipande cha chini kikabaki shingoni. Tukakitoa kwa kisu chembamba, kingine kikaanguka ndani. Nikachuja kwa kitambaa cha pamba nilichochemsha asubuhi. Divai ilikuwa imeshuka, kama vidole viwili chini ya shingo. Rangi: chai ya rangi iliyokaa, safi, hakuna tena wekundu hata ukingoni.

Harufu ya kwanza ilikuwa mbaya, kama sanduku la nguo lililofungwa mvua nzima. Mdogo wangu akarudisha glasi. Nikamwomba avumilie, nikaiacha kwenye jagi, tukaenda kupika. Tulipika sombe (kisamvu) na samaki kwa bukari (ugali), vile baba alivyokuwa anapika siku za kupumzika, si chakula alichokuwa anawapikia wazungu. Ilipofika saa moja na nusu nikanusa tena. Ule ufungo ulikuwa umeondoka karibu wote.

Niliandika kama Mzee alivyofundisha. "Sukari iliyoungua. Jozi iliyokaa. Masuku yaliyokauka juani. Kijana wa Ruashi alisema majani ya chai, na yapo. Katikati pana shimo, ladha inaanza vizuri halafu inapungua ghafla. Mwisho kuna uchungu mdogo, kama maganda ya karanga. Si ndefu." Kwa hiyo wote wawili mlisema kweli. Imepungua sana, na bado ina kitu chake. Mama alikunywa glasi yake yote polepole. Akasema inanuka kama jiko la kule baba alikokuwa anafanya kazi, siku alizokuwa anaunguza sukari kwa ajili ya krimu ya mayai. Sisi watoto hatukuwahi kuingia jiko hilo. Akaanza kutusimulia, na tumesikia mambo ambayo hatukuwahi kuyajua, vyumba vilikuwa vingapi, baba alikuwa anarudi saa ngapi, mhandisi alikuwa anamwitaje. Kilichobaki, kama robo, mama amekirudisha kwenye chupa ile ile. Nimemwambia haitakaa. Anajua.

Dirishani sikununua. Nilimuuliza muuzaji kama kuna nyingine stoo, akasema hakuna, nikamuaga. Kwenye duka la pili nikapata ya 10 iliyotiwa chupani miaka miwili iliyopita, utepe mzima, ndani ya katoni, dolari 48. Nusu chupa ya 20 sijaiona popote Lubumbashi. Kaka Dereva, ukipanda tena kutoka kusini kabla ya Septemba, naomba uniletee Cape Tawny mbili, nitakutafuta kwa ujumbe wa faragha tuelewane juu ya pesa. Na Mama wa Bukavu, jibini ya Masisi inayofika huku huwa laini na changa. Je, nikiinunua na kuikausha mwenyewe kwenye friji wiki mbili itafanya ukingo huo unaousema, au lazima itoke kwenu ikiwa imekomaa?

Mama wa Meza Sita, Bukavu

Ifunge kwa kitambaa kikavu, si nailoni, uigeuze kila siku mbili. Wiki tatu ni bora kuliko mbili. Ukiona ukungu mweupe juu, ufute kwa chumvi kidogo na uendelee.